Jalidi ya kwanza: kuvuna na kusafisha bustani kabla ya majira ya baridi

Kila mwaka, kati ya mwishoni mwa Septemba na katikati ya Oktoba, hufika usiku mmoja unaoamua hesabu ya bustani nyingi za mboga katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Jioni yake anga huwa safi, upepo hutulia na nyota huonekana kwa wingi. Kunapopambazuka, majani ya maboga, maharagwe na nyanya huwa yamefunikwa na unga mweupe unaometameta. Jua likishapanda kidogo, majani hayo hugeuka meusi na kulegea, kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto.

Hiyo ndiyo jalidi, ambayo katika Kiswahili cha zamani huitwa pia sakitu: umande unaoganda kuwa barafu nyembamba juu ya mimea na ardhi. Kwa mkulima aliyekulia Handeni, Uvira au bonde la mto Juba, ambako mwisho wa msimu huletwa na ukame au na mvua, jambo hili ni geni kabisa. Mazao ya miezi minne yanaweza kuharibika kati ya saa nane za usiku na alfajiri.

Hata hivyo, jalidi haiui kila kitu. Yapo mazao ambayo ni lazima yaingie ndani kabla ya usiku huo, yapo yanayouvumilia bila dhara, na yapo yanayoongezeka utamu baada yake. Mkulima anayefahamu tofauti hiyo huanza kazi mapema, huigawa katika wiki kadhaa, na hupata mavuno yanayoweza kulisha familia mpaka theluji itakapoyeyuka.

Wakulima kutoka Afrika Mashariki

Miongoni mwa watu wanaoikabili hali hii kila mwaka ni jamii ya Wabantu wa Somalia wanaoishi katika mji wa Lewiston, kando ya mto Androscoggin. Mababu wa wengi wao walichukuliwa kama watumwa katika karne ya 19 kutoka nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, wakapelekwa Somalia. Baadhi yao mpaka sasa huzungumza Kizigua, lugha ya watu wa mkoa wa Tanga.

Vita vilivyozuka Somalia mwaka 1991 viliwafanya wakimbilie Kenya, katika kambi za Dadaab na baadaye Kakuma, na wengine Tanzania, ambako waliishi katika makazi ya Chogo wilayani Handeni. Kuanzia mwaka 2003, Marekani iliwapokea Wabantu wa Somalia wapatao elfu kumi na mbili na zaidi, na familia nyingi baadaye zilihamia Lewiston. Chama chao katika mji huo kinaendesha mradi wa kilimo unaoitwa Liberation Farms, ambao huzipatia familia mashamba ya kulima chakula chao wenyewe.

Si wao pekee. Mwaka 2019, mamia ya waomba hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Angola, waliwasili katika mji wa Portland katika jimbo hilo hilo. Kwa hiyo mchicha, bamia, nyanya chungu na majani ya maboga si mazao ya ajabu tena katika bustani za Maine. Mboga hizo zote zina asili ya nchi za joto, na zote hufa kwa jalidi ya kwanza.

Jalidi hutokeaje

Wakati wa mchana ardhi hupokea joto la jua, na usiku hulirudisha angani. Mawingu yakiwapo huwa kama blanketi, kwa kuwa huzuia sehemu ya joto hilo lisipotee. Upepo ukivuma, huchanganya hewa baridi iliyo karibu na ardhi na hewa yenye joto kidogo iliyo juu. Anga likiwa safi na upepo ukitulia, hakuna kinachozuia baridi, na majani ya mimea huweza kupoa kuliko hata hewa inayoyazunguka.

Ndiyo sababu kipimajoto kilichotundikwa ukutani kinaweza kuonyesha nyuzi joto 2 katika kipimo cha Selsiasi, huku majani ya nyanya bustanini yakiwa tayari yameganda. Maji huganda katika nyuzi 0, sawa na nyuzi 32 za Farenhaiti, kipimo kinachotumiwa na vituo vya habari vya Marekani. Barafu ikishajiunda ndani ya mmea, maji hutoka katika seli, utando wa seli huharibika, na jani hukosa uwezo wa kusimama.

Hewa baridi ni nzito, nayo hutiririka kama maji kuelekea mabondeni. Bustani iliyo chini ya mteremko, au iliyo mbele ya ukuta unaozuia hewa hiyo isipite, huweza kupigwa na jalidi siku kadhaa kabla ya bustani ya jirani aliye mlimani. Bustani iliyo karibu na bahari au ziwa kubwa hupata nafuu, kwa sababu maji hupoa polepole.

Jambo hili halikosekani Afrika Mashariki. Katika nyanda za juu za Kinangop na Nyandarua nchini Kenya, na katika maeneo ya Njombe na Makete nchini Tanzania, wakulima wa viazi wanaifahamu vyema. Mwezi Januari mwaka 2012, jalidi iliharibu mashamba ya chai katika maeneo ya Bonde la Ufa nchini Kenya. Tofauti ni kwamba huko jalidi huja na kupita, lakini Maine huwa ni utangulizi wa miezi ya ardhi iliyoganda.

Kuhesabu siku

Tarehe ya jalidi ya kwanza haifanani kila mahali. Kaskazini mwa Maine inaweza kufika katikati ya Septemba. Katika maeneo ya Lewiston hutarajiwa mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, na pwani huchelewa zaidi. Katikati ya jiji la London, ambako majengo hutunza joto, mara nyingi hakuna jalidi mpaka Novemba.

Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani hutoa matangazo kadhaa katika msimu wa kilimo, yakiwamo haya mawili. La kwanza ni tahadhari ya jalidi, yenye maana kwamba barafu nyembamba inaweza kuonekana juu ya mimea. La pili ni onyo la kuganda, yaani hewa yenyewe inatarajiwa kushuka hadi nyuzi 0 au chini yake. Onyo hilo la pili ni zito zaidi. Msimu wa kilimo ukishahesabiwa kuwa umekwisha, matangazo haya hayatolewi tena mpaka majira ya kuchipua.

Mkulima mwangalifu hasubiri tangazo. Wiki nne hadi sita kabla ya tarehe inayotarajiwa, hukata ncha za mizabibu ya maboga na vilele vya nyanya ndefu, na huondoa maua mapya. Maua hayo hayana muda wa kuwa matunda, na nguvu ya mmea huelekezwa kwa matunda yaliyokwisha kutunga.

Yanayovunwa kabla ya usiku huo

Kundi la kwanza ni mboga za majani zisizostahimili baridi: mchicha, majani ya kunde, matembele na majani ya maboga. Hizi hazina thamani yoyote baada ya kuganda. Huvunwa zote mchana kabla ya jalidi, huchemshwa kwa dakika chache, hupozwa katika maji baridi, hukamuliwa na kuwekwa katika friza. Kunde na matembele huweza pia kukaushwa, kama inavyofanyika katika vijiji vingi vya Tanzania, ingawa jua la Oktoba la Maine ni hafifu na kikaushio cha umeme hufanya kazi hiyo kwa uhakika zaidi.

Bamia, nyanya chungu, bilinganya, pilipili, matango na maharagwe mabichi yamo katika kundi hilo hilo. Hata kabla ya jalidi, mimea hii huacha kukua usiku unapokuwa na baridi ya chini ya nyuzi 10, hivyo hakuna faida kubwa ya kuisubiri.

Nyanya zina hadhi ya pekee. Nyanya ya kijani iliyokwisha kukomaa, yaani iliyofikia ukubwa wake na kuanza kuwa na rangi ya kijani iliyopauka, huiva vizuri ndani ya nyumba. Huwekwa katika boksi au juu ya gazeti, zisigusane, mahali penye joto la nyuzi 18 hadi 21. Ndizi mbivu au tofaa likiwekwa pamoja nazo huharakisha kuiva, kwa sababu matunda hayo hutoa gesi ya ethilini. Hazihitaji mwanga wa jua, na hazifai kuwekwa katika jokofu kabla ya kuiva, kwani hupoteza ladha. Nyanya iliyoguswa na jalidi huwa na madoa kama yaliyoloa maji, nayo huoza upesi.

Maboga ya kuhifadhiwa hukomaa ganda lake linapokuwa gumu kiasi kwamba ukucha hauwezi kulitoboa. Hukatwa kwa mkasi, na kikonyo cha urefu wa sentimeta chache huachwa, kwa kuwa boga lisilo na kikonyo huingiwa na vimelea vya kuoza kupitia kovu lake. Jalidi nyepesi huua majani na kuliacha boga likionekana zima, lakini boga lililopigwa na baridi halidumu. Yaliyochelewa kuvunwa huliwa kwanza.

Viazi vitamu ndivyo vinavyodhurika kwa siri zaidi. Viazi hivyo huharibika katika joto la chini ya nyuzi 10 hata bila kuganda, na majani yakiuawa na jalidi, uozo huweza kushuka kutoka katika shina hadi kwenye kiazi. Ikitokea majani yamegeuka meusi, mashina hukatwa na viazi huchimbwa siku hiyo hiyo.

Mahindi

Mbegu nyingi za mahindi meupe yanayopendwa Afrika Mashariki huhitaji msimu mrefu, na nyingine za nyanda za juu hukaa shambani miezi sita au zaidi. Maine haina miezi sita isiyo na jalidi. Hii ndiyo sababu wakulima wa huko huelekea kwenye mahindi ya punje ngumu yanayokomaa mapema, aina ambayo wenyeji wa asili wa eneo hilo, yakiwamo makabila ya Wabanaki, walikuwa wakiipanda pamoja na maharagwe na maboga kabla Wazungu hawajafika. Mkulima aliyezoea kuchanganya mahindi, maharagwe na maboga katika shamba moja hukuta kwamba utaratibu huo ulikuwapo pia upande wa pili wa Atlantiki.

Hindi lililokomaa hutambulika kwa alama nyeusi iliyo chini ya punje, mahali inaposhikana na gunzi. Alama hiyo ikionekana, punje imeacha kupokea chakula kutoka kwenye mmea, na jalidi haiwezi kulidhuru. Hindi lisilofikia hatua hiyo halitajaa tena baada ya majani kufa. Huchomwa au huchemshwa likiwa bichi.

Hatari kubwa ya mahindi katika majira haya ni unyevu. Mapukutiko ya Maine yana mvua na ukungu, na mahindi hayakauki vizuri shambani. Huvunwa, maganda hufunuliwa nyuma na kufungwa mafungu mafungu, kisha hutundikwa mahali panapopita hewa. Mahindi yaliyoota ukungu hayafai kuliwa. Mwaka 2004, katika maeneo ya mashariki mwa Kenya, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yalisababisha sumu ya kuvu iliyoua watu 125 kati ya 317 waliougua. Kuvu hao hupendelea joto zaidi kuliko hali ya Maine, lakini kanuni ya kukausha nafaka kabla ya kuihifadhi haibadiliki.

Yanayoisubiri baridi

Habari njema kwa Waafrika Mashariki ni kwamba sukuma wiki haiogopi jalidi. Mboga hii ni ya jamii moja na kabichi, na inapohisi baridi hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari. Sukari hiyo hushusha kiwango ambacho maji ya ndani ya jani huganda, na mlaji huionja kama utamu. Sukuma wiki ya mwishoni mwa Oktoba huwa laini na tamu kuliko ya Julai, nayo huendelea kuvunwa hata theluji ya kwanza ikiwa imeanguka. Isichumwe ikiwa bado imeganda, bali isubiriwe mpaka majani yayeyuke na kusimama tena.

Kabichi, spinachi, liki, bitiruti na karoti nazo huvumilia jalidi kadhaa. Kabichi huvunwa kabla ya baridi kuwa kali mno, kwani kichwa kikiganda na kuyeyuka mara nyingi hupasuka na kuoza. Karoti huweza kuachwa ardhini zikafunikwa kwa nyasi kavu za unene wa sentimeta 30, ili udongo usigande na ziendelee kuchimbwa kidogo kidogo.

Viazi mviringo viko katikati. Majani yake hufa kwa jalidi, lakini viazi vilivyo ndani ya udongo husalimika kwa muda. Huachwa kama wiki mbili baada ya majani kufa ili ganda ligumuke, kisha huchimbwa siku kavu. Kiazi kilichoganda huwa kama sifongo na hakihifadhiki. Kile kilichokaa katika mwanga na kuwa cha kijani kina sumu ya solanini, na sehemu hiyo haifai kuliwa.

Usiku wenyewe

Mara nyingi jalidi ya kwanza hufuatwa na wiki mbili au tatu za siku za joto. Anayefaulu kuikinga bustani yake kwa usiku mmoja au mbili huweza kupata mavuno ya nyongeza.

Mimea hufunikwa kabla ya jua kuzama, wakati ardhi ingali na joto. Shuka za zamani, mablanketi mepesi au kitambaa maalumu cha bustani hufaa, mradi kifike chini na kishikiliwe kwa mawe, kwa sababu joto linalotunzwa ni lile linalotoka ardhini. Kufunika kichwa cha mmea na kuacha pande wazi hakusaidii. Karatasi ya plastiki inayogusa majani huyaunguza kwa baridi, hivyo huwekwa juu ya fito. Udongo uliomwagiliwa mchana hutunza joto kuliko mkavu. Asubuhi vifuniko huondolewa ili jua lipashe ardhi upya.

Kinga hii hufaa kwa jalidi nyepesi tu. Joto likitarajiwa kushuka chini ya nyuzi 2 hasi kwa saa nyingi, busara ni kuvuna kila kilichosalia kwa taa ya mkononi.

Kusafisha: kinachotolewa na kinachobaki

Baada ya mimea kufa, bustani huonekana kama uwanja wa vita, na wengi hushawishika kung'oa kila kitu. Wataalamu wa kilimo hushauri kutofautisha kati ya uchafu wenye ugonjwa na mabaki mazuri.

Ugonjwa unaoogopwa kuliko yote ni bakajani chelewa wa viazi na nyanya. Vimelea vyake ndivyo vilivyoangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, katika njaa iliyoua watu wapatao milioni moja na kuwafanya wengine zaidi ya milioni moja kuhama, wengi wao kwenda Marekani. Mwaka 2009 ugonjwa huo ulienea kaskazini-mashariki mwa Marekani, ukisaidiwa na miche ya nyanya iliyouzwa madukani na majira ya joto yaliyokuwa na mvua nyingi. Katika maeneo yenye baridi kali, vimelea hivyo huvuka majira ya baridi ndani ya kiungo cha mmea kilicho hai, hasa kiazi kilichosahauliwa ardhini. Kwa hiyo viazi vyote huchimbwa, hata vile vidogo, na vyenye madoa hutiwa katika mfuko na kutupwa pamoja na taka. Haviwekwi kwenye mboji.

Magonjwa mengine ya madoa ya majani ya nyanya hukaa katika mabaki makavu, na ubwiri unga huacha mbegu zake juu ya majani ya maboga. Mabaki hayo nayo hutolewa. Rundo la mboji likifikia nyuzi 55 na kugeuzwa mara kwa mara huua vimelea vingi, lakini marundo ya nyumbani hayafikii joto hilo mara nyingi. Kabichi yenye mizizi iliyovimba kama rungu hung'olewa na mizizi yake yote, na jamii ya kabichi haipandwi hapo kwa miaka mingi, kwani mbegu za vimelea hao hudumu katika udongo hata miaka 20.

Mabua ya mahindi huficha viwavi vya kipekecha mahindi wanaolala ndani yake mpaka majira ya kuchipua. Hukatwa vipande vidogo na kuchanganywa katika mboji au kufukiwa. Vijiti vya kutegemeza nyanya hufutwa udongo na kuoshwa kwa maji yenye dawa ya klorini.

Upande wa pili, mmea usio na ugonjwa haulazimiki kung'olewa. Maharagwe na mbaazi hukatwa usawa wa ardhi, na mizizi huachwa ioze na kushikilia udongo. Mashina yenye uwazi ndani hutumiwa na nyuki wadogo wa porini kama nyumba ya majira ya baridi, na vichwa vya alizeti vilivyobaki hulisha ndege. Nchini Uingereza, ambako tarehe 5 Novemba watu huwasha mioto mikubwa, wenye bustani huonywa kuyakagua marundo ya majani na matawi kabla ya kuyatia moto, kwa kuwa kalunguyeye hujificha humo kulala.

Kuhifadhi

Kila zao lina chumba chake. Viazi vitamu hutunzwa kwanza kwa siku tano hadi kumi mahali penye joto la karibu nyuzi 30 na unyevu mwingi, ili majeraha yapone na utamu uongezeke, kisha huhamishiwa penye nyuzi 13 hadi 15. Maboga hukaushwa ganda kwa siku kumi hivi mahali pa joto, kisha huwekwa penye ubaridi wa nyuzi 10 hadi 13, yasigusane. Vitunguu hutandazwa mpaka shingo zikauke kabisa, halafu hutundikwa katika hewa kavu na baridi. Viazi mviringo huhitaji giza na ubaridi, na karoti hufukiwa katika mchanga wenye unyevunyevu. Viazi na matofaa havikai chumba kimoja, kwa kuwa gesi ya matofaa huviharibu.

Wanaotaka kuhifadhi mboga katika chupa wanapaswa kuchukua tahadhari. Maharagwe, mahindi, bamia na mboga za majani hazina asidi ya kutosha, na kuzichemsha katika sufuria ya kawaida hakuui mbegu za bakteria wanaosababisha botulizimu, ugonjwa unaoweza kupooza mwili na kuua. Hizi huhifadhiwa kwa sufuria maalumu ya mgandamizo pekee. Asiyekuwa nayo hutumia friza. Nyanya zilizopigwa na jalidi hazifai kabisa kwa chupa.

Mbegu za mwaka ujao

Mkulima anayelima mbegu alizoletewa na ndugu kutoka nyumbani, au alizozipata kwa jirani, hupoteza zaidi ya chakula jalidi inapomkuta. Mbegu za bamia, kunde na nyanya chungu zinazofaa msimu mfupi haziuzwi katika kila duka. Matunda ya kwanza yaliyo bora huwekwa alama mapema na kuachwa yakomae kabisa. Kunde na maharagwe ambayo maganda yake yameanza kuwa manjano hung'olewa na shina zima kabla ya jalidi, na kutundikwa ndani vichwa chini ili yamalizie kukauka. Mbegu bichi inayoganda hufa. Mbegu kavu haidhuriki na baridi. Mbegu chotara hazihifadhiwi kwa kupandwa tena, maana mazao yake hayafanani na mmea mzazi.

Udongo haulali uchi

Ardhi iliyobaki wazi huchukuliwa na mvua za mapukutiko na maji ya theluji inayoyeyuka. Ngano nyeusi, nafaka inayostahimili baridi kali, hupandwa ikiwezekana kabla ya katikati ya Oktoba, huota, hulala chini ya theluji na kuamka Aprili, kisha hukatwa na kufukiwa. Mahali ambapo muda umepita, majani yaliyopukutika ya miti ya mwaloni na mepo hukatwakatwa na kutandazwa kama matandazo.

Huu pia ni wakati wa kupima udongo. Huduma ya ugani ya Chuo Kikuu cha Maine hupokea sampuli za wakulima na bustani za nyumbani, na chokaa ikihitajika ni afadhali itiwe sasa, kwani huchukua miezi kadhaa kupunguza asidi ya udongo.

Kazi ya mwisho si ya kuvuna. Katikati ya Oktoba, jalidi ya kwanza ikiwa imekwisha kupita, wakulima wa Maine hupanda vitunguu saumu. Kila punje huwekwa ncha ikiwa juu, kina cha sentimeta 5 hadi 8, na umbali wa sentimeta 15 kati ya punje na punje. Ardhi ikianza kuganda, tuta hufunikwa kwa nyasi kavu. Saumu huhitaji baridi ili kichwa chake kigawanyike vikonyo, na pasipo majira ya baridi huzaa kitunguu kimoja kisichogawanyika. Huchimbwa mwezi Julai wa mwaka unaofuata, wakati mchicha mpya unapokuwa tayari kuchumwa.